Mtoto Akisharuhusiwa Kwenda Nyumbani

Rejista ya wodi ya watoto wachanga ina safu ya mwisho inayoeleza jinsi mtoto alivyoondoka: ameruhusiwa, amehamishwa, au amefariki. Nilipokuwa nesi wa wodi niliijaza safu hiyo kwa miaka mingi, na kila nilipoandika "ameruhusiwa" nilifurahi kwa dhati. Mtoto aliyeletwa akiwa na gramu 1,200, akalishwa kwa mpira wa puani na kukaa kwenye oksijeni, sasa amefungwa kifuani mwa mamake, wanatoka langoni kutafuta bodaboda. Baada ya hapo rejista haina safu nyingine. Kama mtoto yule alifika mwezi wa pili, tutajua tu mama akirudi kliniki, na wale tunaowahofia zaidi ndio wasiorudi.

Ndiyo sababu nilitoka wodini. Shirika ninaloliongoza hapa Kisumu hutuma wauguzi nyumbani kwa watoto wachanga walio hatarini, kuanzia siku wanapofika nyumbani hadi tutakaporidhika kwamba wanakua. Swali ninaloulizwa kuliko yote, na wafadhili, na maafisa, hata na ndugu zangu, ni kwa nini nesi wetu mmoja anaona watoto wachache hivyo kwa siku. Nimekuwa nikilijibu kwa haraka kwenye mikutano. Leo nataka kulijibu taratibu.

Nianze na takwimu za nchi yetu, kwa sababu zinanikosesha usingizi. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2014 ulionyesha kwamba asilimia 61 ya watoto walizaliwa katika vituo vya afya. Ule wa 2022 ukaonyesha asilimia 82. Hiyo ni hatua kubwa, na huduma ya kujifungua bila malipo iliyoanza Juni 2013 ilichangia. Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano navyo vilishuka, kutoka 52 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai hadi 41. Lakini tazama wale wa chini ya mwezi mmoja: walikuwa 22, wakawa 21. Watoto wakubwa kidogo tumejifunza kuwaokoa kwa chanjo, vyandarua na dawa za malaria. Huyu wa siku za kwanza tumemsogeza hospitalini azaliwe huko, na bado anatuponyoka karibu vilevile. Kati ya watoto 32 katika kila 1,000 wanaofariki kabla ya kutimiza mwaka, 21 hawafiki hata mwezi.

Sehemu ya jibu iko wodini, na wauguzi wenzangu waliobaki huko wanahitaji oksijeni, vitanda na watu zaidi. Sitaki mtu asome makala haya na kudhani natetea nyumba dhidi ya hospitali. Watoto wetu wengi wanatoka kwenye wodi za mji huu, ikiwemo hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wakazi bado wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Bila wodi hizo hatungekuwa na mtoto wa kumtembelea. Ninachosema ni kwamba kazi ya wodi inaweza kupotea ndani ya siku tatu za kwanza nyumbani.

Fikiria nyumba yenyewe. Chumba kimoja cha mabati Nyalenda au Obunga, saa saba mchana ndani kunachoma. Mama ameambiwa hospitalini amfunike mtoto, amvalishe kofia na soksi. Mama mkwe amekuja kutoka Nyakach kusaidia, anamwangalia mjukuu aliyevikwa hivyo kwenye joto hili, anamvua. Anafanya hivyo kwa upendo. Nesi anayekuja akamkemea amekwisha kumpoteza bibi, na akimpoteza bibi amempoteza mtoto, kwa sababu bibi ndiye atakayekuwepo usiku. Wauguzi wetu humkalisha, humwita dani kama wajukuu wanavyomwita, na humwomba aushike mguu wa mtoto kisha ashike tumbo lake. Mguu ni baridi, tumbo lina vuguvugu. Ndipo wanamweleza: mtoto huyu amezaliwa kabla hajawekewa mafuta chini ya ngozi, joto linamtoka haraka kuliko anavyoweza kulitengeneza, na saa tisa usiku upepo wa ziwani ukipita kwenye nyufa za bati yeye ndiye wa kwanza kuusikia. Bibi akishaelewa hilo kwa mkono wake, kofia haivuliwi tena.

Wakati mwingine tunakuta kinyume chake. Familia imeelewa habari ya baridi vizuri mno, imeingiza jiko la makaa ndani na kufunga mlango na dirisha. Makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na inaweza kuua nyumba nzima usingizini. Nesi hulitoa jiko nje kabla ya salamu kuisha. Kisha anakaa kuzungumza juu ya kifua cha mtu, ambacho ndicho jiko salama kuliko yote.

Njia ya kumlea mtoto ngozi kwa ngozi, ambayo wengi wetu tunaiita kangaruu, ilianzishwa na daktari Edgar Rey mjini Bogotá, Kolombia, mwaka wa 1978, katika hospitali iliyoelemewa na watoto huku inkubeta zikiwa chache. Leo si mbadala wa maskini tena. Utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania na kuchapishwa 2021 ulionyesha kwamba watoto wadogo waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa kwa asilimia 25 pungufu ya wale waliosubiri kwanza watengemae. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza mtoto wa aina hii akae kifuani kati ya saa 8 na 24 kila siku, hospitalini na nyumbani.

Saa nane kwa uchache! Mwambie hivyo mama anayeuza omena Kibuye, mwenye watoto wengine wawili na mtungi wa kujaza maji. Atakubali kwa kichwa, na ukitoka tu mtoto atalazwa kitandani kwa sababu hana namna. Kwa hiyo nesi wetu hatoi agizo. Anauliza ni nani wengine wanaoingia nyumba hii, na wanarudi saa ngapi. Baba anarudi jioni? Afundishwe, avue shati, afungiwe mtoto kwa leso. Mwanzoni wanaume wengi wanaona haya, hasa jirani akipita. Ila nimewaona waendesha bodaboda, vijana wenye sauti kubwa pale Kondele, wakikaa kimya kabisa na mtoto wa kilo moja na nusu kifuani, wakiogopa hata kukohoa. Shangazi, dada wa miaka kumi na sita, bibi mwenyewe: kila kifua kinaongeza saa. Ratiba hiyo hupangwa na familia nzima ikiwa imekaa, na haipangwi kwa dakika kumi na tano.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe la muda, ambalo ningeomba kila anayesaini hundi alisome mara mbili.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake hunyonya au hulishwa kila baada ya saa mbili au tatu. Anachoka upesi. Anaweza kuanza vizuri, akavuta mara nne, akalala na chuchu mdomoni, na mama akadhani ameshiba. Mwingine midomo inageuka rangi katikati ya kunyonya kwa sababu bado hajajua kupangilia kumeza na kupumua. Mambo haya hayaonekani kwenye mizani wala kwenye kipimajoto. Yanaonekana tu ukimtazama mtoto akila kutoka mwanzo hadi mwisho. Na nesi hawezi kuja kwa saa ya mtoto. Mara nyingi anamkuta amelala. Basi lazima angoje.

Katika kungoja huko ndipo kazi inapofanyika. Anahesabu pumzi kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Zikifika 60 au zaidi anahesabu tena ili asidanganyike. Anaangalia kama kifua kinabonyea ndani. Anatazama viganja na nyayo kama zina umanjano, kitovu kama kina wekundu au usaha, na kama kuna kitu kimepakwa, majivu au kingine, anauliza kwa upole nani alishauri, kisha anaonyesha jinsi ya kutumia klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu kwenye kitovu. Anampima uzito bila nguo. Anauliza mama amekula nini tangu asubuhi, na mara nyingi jibu ni chai. Mama asiyekula atakamua nini? Mtoto anapoamka, nesi anakaa pembeni, hagusi, anaangalia. Titi likishindikana kwa leo, maziwa yanakamuliwa na kunyweshwa kwa kikombe kidogo, matone kwa matone, na mama anarudia mbele ya nesi mpaka mkono wake uache kutetemeka. Ikishakuwa hivyo, saa moja na nusu imepita. Huo ndio urefu wa ziara yetu ya kawaida, na sioni pa kuukata.

Kuna sababu ya pili, ambayo ni ngumu kuiweka kwenye ripoti. Mambo ya kweli ya nyumba hayasemwi siku ya kwanza. Husemwa siku mama mkwe ameenda kuteka maji, na husemwa kwa nesi yule yule aliyekuja juzi na wiki iliyopita. Hapo ndipo mama anaeleza kwamba ana virusi vya UKIMWI na mume hajui, na kwamba dawa ya mtoto ya nevirapini ameificha ndani ya mkebe wa unga. Hapo ndipo anasema hajalala kwa siku kadhaa, anasikia mtoto akilia hata akiwa kimya. Au anakunja mkono wa gauni. Ukimbadilishia nesi kila wiki ili kujaza pengo la ratiba, mkebe wa unga hautatajwa kamwe, na dawa itasahaulika siku unga ukiisha.

Kwa sababu hiyo hiyo wauguzi wetu hawavai sare mtaani, na hatuna gari lenye nembo. Wanapanda boda au tuktuk wakiwa na mkoba wa kawaida kama mtu anayemtembelea shangazi. Manyatta majirani wanahesabu. Gari jeupe lenye maandishi likisimama mlangoni mara mbili, mtaa mzima utakuwa umeshatunga ugonjwa.

Nimewahi kushauriwa na watu wema kwamba tungeongeza ziara mara tatu kwa kuzifupisha. Idadi ingependeza kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti. Nimekataa, na bodi yetu imenisimamia, ingawa kukataa huko kuna bei na bei hiyo inalipwa na watoto ambao hawamo kwenye orodha. Kila Jumatatu tunakaa na majina yaliyoletwa kutoka wodini kwa idhini ya mama zao. Tunaangalia waliozaliwa chini ya kilo mbili, mapacha, waliochelewa kulia walipozaliwa kisha wakapata degedege, wenye mdomo wa sungura wanaoshindwa kunyonya, watoto wa wasichana ambao wenyewe wangekuwa shuleni. Tunaangalia waliofiwa na mama na kuachwa na bibi mwenye kopo moja la maziwa ya unga, ambaye ataongeza maji kila siku ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Majina huzidi nafasi. Wale wanaobaki tunawapigia simu na kuwakabidhi kwa mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wao. Sijawahi kutoka kwenye kikao hicho nikiwa na amani, na nadhani siku nitakapotoka na amani nitakuwa sifai tena kukiongoza.

Wahamasishaji hao nawataja kwa heshima. Serikali ilizindua kikosi chao cha takriban 100,000 Septemba 2023, wakapewa mikoba ya vifaa na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Wanajua kila mlango. Mara nyingi wao ndio wanaotupigia kusema mama fulani amerudi na mtoto mdogo sana, njooni. Mvua za masika zinapofurika Nyando na barabara za uwanda wa Kano kugeuka mto, mhamasishaji ndiye anayetuambia familia imehamia shule gani. Lakini kila mmoja ana nyumba nyingi za kuzungukia, na mtoto wa kilo moja na nusu anahitaji jicho la muuguzi. Tunawafundisha dalili za hatari: mtoto kukataa kunyonya, degedege, kupumua mbio, joto kupanda hadi 37.5 au zaidi au kushuka chini ya 35.5, kulegea asijongee mpaka aguswe. Wakiona mojawapo hawangoji nesi. Mtoto anaondoka hapo hapo, kifuani, kwenda hospitali.

Wanaotaka ushahidi kabla ya moyo, ushahidi upo. Katika wilaya ya Gadchiroli, India, madaktari Abhay na Rani Bang waliwafundisha wanawake wa vijijini kuwatembelea watoto wachanga nyumbani, kuwatunza na hata kutibu maambukizi. Walilinganisha vijiji 39 vyenye huduma hiyo na 47 visivyo nayo, na katika matokeo yaliyochapishwa 1999 vifo vya watoto wachanga vilikuwa vimepungua kwa asilimia 62. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 2009, Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakatoa tamko la pamoja wakitaka mtoto atembelewe siku ya kwanza na ya tatu, na ikiwezekana kabla ya wiki ya kwanza kuisha. Huko Marekani nako, David Olds alianza mwishoni mwa miaka ya 1970 katika mji wa Elmira kuwatuma wauguzi kwa akina mama wa mimba ya kwanza, na waliendelea kwenda hadi mtoto atimize miaka miwili. Mazingira ni tofauti sana na yetu, ila kuna kitu nilichokipenda katika kazi hiyo: nesi alirudi nyumba ile ile, kwa mama yule yule, kwa muda mrefu.

Kuna ziara moja ambayo hakuna mfadhili aliyewahi kuiomba. Watoto wengine hufariki, hata tukifanya yote. Nesi wao hurudi baada ya mazishi. Maziko ya mtoto mdogo hivyo huwa ya haraka, watu wachache, na baada yake mama anategemewa ainuke afue nguo. Maziwa yake hayajui kwamba mtoto hayupo. Yanajaa, yanauma, na ni aibu kumwambia mtu. Nesi huja na kitambaa cha maji baridi na maelezo ya namna ya kuyapunguza polepole bila kuyakamua yote. Humwambia waziwazi kilichomuua mtoto kama kinajulikana, kwa sababu wengine nyumbani wameshataja jicho baya au kosa la mama. Nimesisitiza ziara hii ibaki kwenye mpango wetu kama zile nyingine, na nesi alipwe nauli na muda wake wote. Nao wauguzi hukaa pamoja kila mwisho wa mwezi, na mtu mwenye ujuzi wa ushauri nasaha, wazungumze. Tukiwaacha wabebe wenyewe tutawapoteza, na si wote watakaoondoka kwenda Uingereza. Wengine wataacha uuguzi kabisa.

Usajili, leseni, ripoti za mwaka na ile sheria ya mashirika ya manufaa ya umma iliyoanza kutumika Mei 2024, hayo tunayafanya kama kila shirika na sina jipya la kusema.

Fedha ni habari nyingine. Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, huku Magharibi mwa Kenya, ambako huduma nyingi za virusi vya UKIMWI na za mama na mtoto ziliegemea misaada hiyo, tuliona wenzetu wakipewa barua za kuacha kazi na milango ikifungwa. Sisi tuliyumba, tukasimama. Tangu hapo nimekuwa na hakika juu ya jambo moja: mtoto aliyezaliwa Kisumu hawezi kutegemea uchaguzi wa nchi nyingine ili nesi amfikie Jumanne. Huduma hii ni ya kaunti. Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi ya 2023 tayari imeweka mitandao ya huduma za msingi na timu zake, kwa hiyo hatuombi jengo jipya wala idara mpya. Tunachoomba ni muuguzi ndani ya timu hizo ambaye kazi yake ni watoto hawa tu.

Waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti unapaswa kufika kwenye bunge la kaunti kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kati ya hapo kuna vikao vya maoni ya wananchi, na tutakuwepo. Baadhi ya akina mama wameomba wazungumze wenyewe, kwa Dholuo au kwa Kiswahili, na baba mmoja mwendesha boda amesema ataonyesha jinsi leso inavyofungwa. Mimi nitabeba ombi lililoandikwa: wauguzi saba, mmoja kwa kila kaunti ndogo, wenye idadi ya familia isiyozidi wanayoweza kuikalia. Na nauli ya boda iandikwe kwenye bajeti katika mstari wake wenyewe, kwa sababu ikichanganywa na mengine ndiyo hukatwa kwanza.